Somo: Kunasa BPA ya samaki wa kopo kwa polima ya kalibu

BPA (bisfenoli A, kemikali ya kutengenezea plastiki na epoksi) hutoka kwenye rangi ya epoksi inayopakwa ndani ya kopo. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilishusha kiwango kinachovumilika kutoka mikrogramu 4 hadi nanogramu 0.2 kwa kilo ya mwili kwa siku. Ndiyo maana tunahangaika na chembe ndogo hivi.

Polima ya kalibu huumbwa kuizunguka molekuli fulani, kisha molekuli hiyo huoshwa na kuacha tundu la umbo lake. Kasoro yake ni kwamba haioshwi yote. Ukiumbia kwa BPA yenyewe, polima itakuvujishia BPA na utamsingizia samaki. Tumia ndugu yake wa umbo linalofanana, kwa mfano BPF (bisfenoli F).

1. Vyombo viwe vya kioo, vilivyosuuzwa kwa methanoli. Polikaboneti, plastiki inayotengenezwa kwa BPA, isikaribie meza.

2. Saga samaki, toa BPA kwa kiyeyusho cha asetonitrili, kisha tikisa na heksani. Mafuta huhamia kwenye heksani, BPA hubaki. Kausha, yeyusha upya kwa maji yenye asetonitrili kidogo.

3. Pitisha methanoli kwenye katriji (kijibomba kilichojazwa polima ya kalibu), halafu maji, halafu sampuli, polepole.

4. Osha kwa maji yaliyoongezwa asetonitrili. Usiharakishe hapa. Ndani ya maji polima hukamata karibu kila kisichopenda maji. Kuichagua BPA huanza wakati wa kuosha. Jaribu viwango kadhaa vya asetonitrili, sambamba na polima isiyo na kalibu, yaani iliyoumbwa bila molekuli ya kuizunguka. Kama zote mbili zinashika BPA sawasawa, huna kalibu, una sponji ya bei ghali.

5. Toa BPA kwa methanoli yenye asidi ya asetiki, kausha, pima kwa HPLC (mashine inayotenganisha kemikali zilizo kwenye kimiminika na kuzionyesha kama vilele kwenye grafu) yenye kitambuzi cha fluoresensi.

Maswali ya wanachama

— Mkuu, C18 (kijazio cha kawaida cha katriji, kisicho na kalibu) haitoshi?
Kwa maji ya kunywa inatosha kabisa. Kwa jodari wa mafuta utaona vilele vinapandiana.

— Na nikitaka kupima BPF pia?
Basi usiiumbie polima. Umbia kwa BPA yenye dyuteriamu (hidrojeni nzito), lakini utahitaji spektromita ya masi, inayopima uzito wa molekuli, kuitofautisha.

— Sampuli tupu yangu, isiyo na samaki, ina kilele cha BPA. Nikitoe kwenye hesabu?
Kikiwa kidogo na hakibadiliki, kitoe. Kikipanda na kushuka, pima kiyeyusho peke yake, kisha kiyeyusho kilichopita kwenye katriji. Kikikua baada ya katriji, mwizi yumo humo. Kikiwa kimeanzia kwenye kiyeyusho, kagua chupa na maji yako.