Dar mpaka Chobe, hifadhi ya wanyama Botswana, kwa gari yako mwenyewe

Kwanza toka Dar saa kumi alfajiri, ukichelewa foleni ya Kimara na Kibaha itakumaliza hata kabla safari haijaanza. Mikumi barabara inakatiza katikati ya hifadhi kama kilomita 50 hivi, punguza mwendo maana ukigonga mnyama unalipa faini, hata awe swala. Lala Iringa au Makambako, kesho yake Tunduma, mpakani na Zambia.

Boda ndo shughuli. Beba kadi ya gari, kama gari sio yako barua ya mwenyewe, pasipoti, kadi ya homa ya manjano, na bima ya COMESA (bima ya gari inayotumika nchi kadhaa za Afrika) ukate hukuhuku Dar, inafanya kazi Zambia ila Botswana haiwahusu, pale unanunua ya kwao. Na vishoka wa Tunduma wanaokuambia "lete boss nikusaidie" wapite tu, nenda dirishani mwenyewe.

Zambia ni ndefu jamani, jaza mafuta kila ukiona sheli, spea tairi ziwe mbili. Ukifika Kazungula, mpaka wa Zambia na Botswana, unavuka mto Zambezi kwenye daraja lililofunguliwa 2021, zamani ilikuwa pantoni. Nyama mbichi usibebe, Botswana wanakagua.

Chobe nenda Agosti mpaka Oktoba, pamekauka, tembo wote wanashuka mtoni. Tembo akisimama barabarani zima mziki, usipige honi, acha nafasi ya kurudi nyuma, akitanua masikio na kutikisa kichwa we rudi taratibu, hapo hakuna cha selfi.