Foronya za kitenge kwa mito ya kochi, bila zipu

Kochi la zamani hupendeza upya kwa foronya tu, na kitenge cha yadi 6 kutoka soko la Owino, Kampala, hutoa foronya 11 za mito ya sentimita 45 kwa 45. Kifue kwanza kwa maji baridi na ukianike kivulini. Ukishona kabla ya kufua, kitambaa kitapungua ukubwa baadaye na foronya itakataa kuingia.

Kata kipande cha sentimita 45 kwa 105. Kunja pindo la sentimita 2 kila ncha fupi, ulishone. Tandaza kitambaa upande wa maua ukiwa juu, kunja ncha zote mbili zikutane katikati na zipandane sentimita 15, upana ubaki 43. Shona juu na chini, ukiacha sentimita 1 ukingoni, kisha geuza. Hapo zinapopandana, rudia mshono mara mbili, maana ndipo panapochanika mtoto akivuta mto. Foronya ni ndogo kuliko mto kwa makusudi: mto hujaa na kukaza.

Ndani, sufi ni nyepesi na nzuri mno, ila ishonee mfuko wake, kwani ikilowa hushikana madonge. Jaza pembe kwanza. Pembe tupu huufanya mto uonekane mchovu.

Gome la mutuba, yaani kitambaa cha Waganda kinachotengenezwa kwa gome la mti wa mutuba, linavutia sana kama kiraka cha mbele, lakini lishikize kwa mishono mirefu ya mkono, ulifumue kabla ya kufua.