Kurudisha picha kwenye dishi la bendi ya C lililopakana na mnara wa 5G

Chaneli zilizokuwa zikishika miaka yote zinaanza kukwama, kisha zinatoweka zote kwa mpigo. Fundi anageuza dishi, anabadili kebo, anafunga LNB (kifaa cha mbele ya dishi kinachopokea na kukuza mawimbi) mpya ya aina ileile, na bado hakuna kitu. Kabla hujanunua kifaa kingine, zungusha macho: kuna mnara wa simu uliofungwa antena mpya karibu?

LNB nyingi za bendi ya C zilizoko madukani hupokea kuanzia 3400 hadi 4200 MHz. Bendi ya 5G iitwayo n78 inakaa 3300 hadi 3800 MHz, kwa hiyo nusu ya kwanza ya nyumba ina wapangaji wawili. Tanzania, mnada wa TCRA, mdhibiti wa mawasiliano, wa mwaka 2022 ulijumuisha masafa ya 3500 MHz. Mwaka uliofuata, mkutano wa dunia wa redio uliofanyika Dubai uliipa huduma ya simu hadhi ya msingi kati ya 3600 na 3800 MHz katika kanda inayojumuisha Afrika. Anayefunga dishi jipya leo ahesabu kwamba salama yake iko juu ya 3800.

Wapangaji hao hawalingani nguvu. Mawimbi ya setilaiti yanasafiri kama kilomita 36,000 na kupoteza takriban desibeli 196 (kipimo cha tofauti ya nguvu) njiani. Ya mnara ulio mita 300 yanapoteza kama 93 tu. Tofauti hiyo ya desibeli 100 na ushei ni zaidi ya mara bilioni kumi. LNB nayo inakuza kila inachopokea kwa desibeli 60 hadi 65, hivyo ikimwagiwa mawimbi ya mnara inajaa na kushindwa kukuza vingine sawasawa. Ndiyo maana hata chaneli iliyoko 4100 MHz hufa wakati mnara unarusha 3500. Hapo ndipo mafundi wengi hupotea.

Ondoa kwanza sababu za kawaida. Angalia maji kwenye kiunganishi cha kebo, nyigu waliojenga kwenye mdomo wa LNB, na dishi lililosogezwa na upepo. Mvua siyo mshukiwa mkubwa, kwani bendi ya C haiisikii sana kama Ku, bendi ya setilaiti ya masafa ya juu zaidi. Ukikuta nguvu iko juu kwenye king'amuzi lakini ubora umeshuka hadi sifuri, endelea kupima.

Unahitaji mita ya setilaiti inayoonyesha spektra, yaani mchoro wa nguvu kwa kila masafa, ya 950 hadi 2150 MHz. LNB ya bendi ya C hutoa masafa yaliyogeuzwa: chukua 5150, toa masafa ya hewani. Mnara wa 3500 utauona kwenye 1650, na mpaka wa 3800 uliotajwa juu utakuwa 1350. Washa hali ya kushikilia kilele cha juu (max hold), maana 5G hurusha kwa vipande vya muda na mstari wake hurukaruka. Transponda za setilaiti, yaani mikondo yake ya kurushia chaneli, nyingi zenye upana wa MHz 36, hutulia. Ukiona donge pana la MHz 40 hadi 100 linalochezacheza, umempata. Ili kujua anatokea upande gani, fungua LNB kwenye dishi, ishike mkononi ikiwa bado imeunganishwa na mita, na uizungushe taratibu kuufuata upeo wa macho.

Sasa tiba, na anza na ya bure: shusha dishi. Lililoko juu ya paa linaonana na mnara ana kwa ana. Likikaa chini nyuma ya nyumba ya matofali, ukuta unakufanyia kazi. Kama una hiari ya setilaiti, chagua iliyoko juu angani. Kutoka Dar es Salaam, setilaiti ya nyuzi 68.5 Mashariki iko kama nyuzi 55 juu ya upeo, na kwa pembe hiyo dishi halisikii sana kinachotoka pembeni. Dishi linalotazama nyuzi 10 tu linaweza kuupokea mnara kwa desibeli 17 zaidi.

Bati la kuezekea linafaa kuwa kinga. Lisimamishe mita moja na nusu kutoka kwenye dishi, upande wa mnara, lipite kilele cha LNB kwa mita moja bila kuziba njia ya setilaiti. Hilo peke yake hupunguza takriban desibeli 25. Ukitumia wavu, matundu yasizidi milimita 8.

Bado haijatosha? Hapo ndipo kichujio kinapokuja, na kosa la gharama kubwa ni kukifunga kwenye kebo. LNB inakuwa imeshajaa kabla kebo haijafikiwa. Kichujio lazima kikae kati ya pembe ya kupokelea (mdomo unaokusanya mawimbi) na LNB, kwa flenji, yaani bamba la kuungia, ya WR-229 yenye matundu 10 ya boliti. LNB iliyounganishwa na pembe yake haina nafasi hiyo, kwa hiyo badilisha LNB nzima kwa yenye kichujio cha ndani, ya 3700 hadi 4200 au, bora, 3800 hadi 4200. Kibandiko cha "5G" kwenye boksi si kipimo. Soma masafa yaliyoandikwa kwenye LNB yenyewe. Kila kichujio kina ushuru wake: upotevu wa desibeli 0.3 huongeza kelele ya takriban kelvini 20 (kipimo cha kelele ya LNB), na dishi la futi sita lililokuwa likishika kwa shida litashindwa. Tena hakuna kichujio kinachokata kama kisu. Marekani iliacha MHz 20 tupu, kati ya 3980 na 4000, kwa sababu hiyohiyo. Ukifunga, usisahau mpira kwenye mfereji wa flenji, la sivyo mvua ya kwanza itaingia ndani.

Kama chaneli zako zenyewe ziko chini ya 3700, kichujio kitazikata pamoja na mnara. Zitafute kwenye transponda ya juu zaidi au kwenye Ku.

Ukiamua kumwandikia mdhibiti, usiandike "TV haishiki". Andika mahali dishi lilipo kwa viwianishi vya GPS, mwelekeo wa mnara kwa nyuzi, masafa uliyoyapima, tarehe na saa, na uambatishe picha mbili za spektra: moja kabla ya kuweka bati, nyingine baada yake.