Kabla hujagusa njia ya daladala, nenda ukahesabu

Mdogo wangu unayeanza kazi ya mipango ya usafiri jijini, siku ukipewa ramani na kuambiwa upange upya njia fulani kwa sababu abiria wanateseka, usianze kuchora. Kazi hii nimeifanya Dar es Salaam miaka mingi. Ninachokiamini kuliko ramani yoyote ni daftari la mtu aliyesimama kituoni tangu saa 11 alfajiri.

Kwanza tafuta pale ambapo gari hujaa kuliko popote. Muulize konda: "Ukifika wapi unaacha kuita abiria?" Atakujibu papo hapo. Simama mbele kidogo ya hapo, Jumanne, Jumatano au Alhamisi, shule zikiwa zimefunguliwa. Andika saa, tarakimu za namba ya gari, na ujazo wake: viti vina nafasi, viti vimejaa, watu wamesimama, au mlango haufungi. Kabla ya siku hiyo panda magari yenyewe, Coaster na kile kibasi kidogo tunachokiita kipanya, uhesabu vichwa, ili ujue kila ujazo ni watu wangapi. Mwenzako akae mwisho wa njia akiandika namba hizohizo. Mkilinganisha madaftari mtapata muda halisi wa safari.

Mtu wa tatu awahesabu waliobaki. Gari likishaondoka, ni wangapi bado wamesimama kituoni? Safu hiyo ndiyo vijana wengi huiruka, na ndiyo inayobeba shida yenyewe.

Mwaka wangu wa kwanza nilihesabu Zakhem, Barabara ya Kilwa. Saa 12 asubuhi niliona magari yanayokwenda Mbagala Rangi Tatu yamejaa, nikaandika kwamba asubuhi abiria wengi wanaelekea huko. Nilikuwa karibu kupendekeza magari yaongezwe upande huo. Siku ya tatu nikapanda moja, nikakaa karibu na mama mwenye kapu la vitambaa.

"Shikamoo mama. Unashukia Rangi Tatu?"

"Marahaba mwanangu. Naenda Posta. Nageuza nalo."

Alikuwa analipa nauli mbili kila asubuhi, anakwenda hadi mwisho wa njia kisha anarudi na gari lilelile, kwa sababu miguu yake ilikuwa inavimba na kusimama hadi mjini hakuwezi. Nusu ya gari walikuwa kama yeye. Hesabu yangu ya siku mbili ilikuwa imewageuza watu wanaokosa viti kuwa abiria wa upande mwingine. Niliifuta yote, nikaanza upya.

Tangu siku hiyo simuulizi abiria anakwenda wapi tu. Namuuliza ametoka nyumbani saa ngapi, amepanda magari mangapi, na jumla amelipa shilingi ngapi. Hapo ndipo magari yanayokata ruti, yaani yanayoshusha abiria na kugeuza kabla ya mwisho wa njia, yanapojitokeza. Hapo pia utasikia habari za kubadilisha gari. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, kwa mtu anayetoka Mbezi, Kimara ikawa mahali pa kushuka na kupanda tena. Ukichora njia inayomshusha mtu, tembea mwenyewe kutoka mlango wa gari la kwanza hadi la pili, ukiwa na mzigo, mvua ikinyesha.

Sasa piga hesabu. Tuseme umepata abiria 840 kwa saa pale panapojaa, na gari lina viti 28. Unahitaji magari 30 kwa saa, yaani moja kila dakika 2. Kama kwenda na kurudi, pamoja na kusubiri stendi, ni dakika 130, njia inahitaji magari 65. Lakini ukipunguza mzunguko huo hadi dakika 100, magari 50 yanatosha. Umepata magari 15 bila mtu kununua hata moja! Kwa hiyo, kabla ya kuomba magari zaidi, tafuta dakika 30 zinapotea wapi. Mara nyingi utazikuta kwenye kituo kisicho na eneo la kuegesha, gari moja likishusha na mengine yote nyuma yamesimama.

Ujue pia kila jambo lina mwenyewe. Leseni ya njia na nauli ni LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini. Kituo kilicho kwenye barabara kuu utazungumza na TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, na barabara za mitaa ni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Waite mapema, wakiwa bado wanaweza kukubadilishia mawazo.

Mwisho nenda kijiweni, uketi na madereva na makonda. Waulize hesabu ya tajiri, yaani fedha wanazompelekea mwenye gari kila siku, ni kiasi gani na wanapiga tripu ngapi kwa siku. Ukirefusha njia kwa kilomita chache, tripu zinapungua, hesabu inabaki palepale, na jioni dereva atakata ruti ili aipate. Abiria wako atashushwa njiani usiku, akiwa na mtoto mgongoni.

Njia mpya ikianza, subiri wiki mbili, kisha rudi palepale, saa 11 alfajiri, na daftari lilelile. Fungua safu ya waliobaki.