Sindano kwanza: santuri za bei nafuu hapa Malindi

Kila kijana anayekuja kibandani kwangu na pesa mkononi, anataka kuanza santuri, humuuliza: ya sindano umebakisha ngapi? Wengi humalizia zote kwenye mashine ya kuchezea santuri inayong'aa, halafu huichezesha kwa sindano iliyolika tangu siku za mwenyewe wa kwanza. Sindano mbovu haitoi sauti mbaya tu. Inachimba mifereji ya santuri, na mfereji ukishachimbwa basi. Nusu ya pesa zako iende kwenye mashine na matengenezo yake, nusu ya pili ni ya sindano na santuri, sindano ikitangulia.

Mashine zenyewe Malindi zapatikana. Duka hatuna, lakini Waitaliano tunao. Mzee akifunga nyumba yake kule Casuarina arudi kwao, vyombo huuzwa kwa jumla, na kati ya viti na feni mara nyingi kuna gramafoni ambayo hakuna aliyeiulizia. Uzuri wake, umeme wa Italia ni wa 50 Hz kama wetu, yaani mawimbi 50 kwa sekunde, kwa hiyo unabadilisha plagi tu na kuchomeka. Ya Marekani isome kibati cha nyuma kwanza. Ikiwa imeandikwa 120 V na 60 Hz, transfoma itakutengenezea volti, ila hizo Hz haizigusi. Zile za zamani ambazo mota yake hufuata Hz za umeme zitazunguka kama mara 28 kwa dakika badala ya 33 na kitu, na mwimbaji atasikika kama mtu aliyeamshwa alfajiri kwa nguvu. Hiyo mwachie mwenyewe. Na ukiuziwa na mlinzi wa geti, taka karatasi ya mwenye nyumba, mji wetu ni mdogo.

Kabla hujalipa, zungusha sahani inayobeba santuri kwa mkono huku umeinamisha sikio. Kusisikike chuma kukwaruza chuma. Mkono wa mashine, ule unaobeba sindano, upande na ushuke bila kukwama, na ule uzani wa nyuma yake uwepo, maana ndio unaopotea na kuupata mwingine ni kazi. Mkanda wa mpira uliolegea usikutishe. Mkanda hubadilishwa, na muuzaji akiamini mashine imekufa, wewe usimzindue. Ukifika nyumbani bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, weka saa ya simu dakika 3, uhesabu. Ikiwa spidi ya 33 iko sawa, utapata mizunguko 100.

Sasa sindano. Mashine ndogo za sanduku huja na kichwa (kile kinachoshika sindano) cha seramiki na sindano ya yakuti, ambayo huisha upesi na hukandamiza santuri kwa gramu 5 au zaidi. Za kujifunzia sawa, lakini santuri unayoipenda usiiweke humo. Tafuta mashine yenye kichwa cha sumaku na sindano ya almasi. Aina ya bei ya chini kama AT3600L ya Audio-Technica inatosha kabisa, nayo hutaka uzito wa karibu gramu 3. Wengine hukisia uzito huo kwa kidole. Mimi huenda kwa sonara: mizani yake hupima sehemu ya gramu, na kwa salamu nzuri atakuachia dakika tano. Mizani iwe usawa wa sahani, sindano ishuke juu yake taratibu, kisha sogeza uzani wa nyuma kidogo kidogo mpaka namba ikae. Usiogope ukapunguza mno: sindano nyepesi kupita kiasi hurukaruka ndani ya mfereji na kuuharibu vilevile.

Kichwa cha sumaku hutoa umeme mdogo sana, hivyo tafuta amplifaya kuukuu yenye tundu la PHONO. Ukichomeka kwenye tundu la kawaida la AUX, sauti itakuja nyembamba, besi hamna.

Santuri usiinunue bila kuiinamisha kwenye mwanga. Mifereji iliyogeuka kijivu imelika. Pitisha ukucha juu ya mchubuko. Ukucha ukinasa, sindano itaruka. Iliyopinda iache, usisikilize hadithi za kuinyoosha juani. Santuri za Kiitaliano za spidi 45, za akina Mina, yule mwimbaji wao, na wenzake, hapa ni rahisi mno kwa sababu hazina mgombea, nazo ni nzuri kwa kujifunzia mkono. Tundu lake kubwa lina milimita 38. Mchonga vinyago atakuchongea kidude cha kuzibia kwa bei ya chai. Za taarabu, hasa zenye lebo ya Mzuri ya akina Assanand wa Mombasa, watu wameanza kuzishtukia, kwa hiyo uliza ndani ya familia kabla ya kuuliza sokoni. Nairobi lipo duka la santuri la Melodica pale Tom Mboya Street, ila huko nenda ukijua unachokitaka.

Kuosha ni maji ya betri yanayouzwa petroli stesheni, yale safi, si asidi! Soma chupa mara mbili. Tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, ufute kwa kufuata mzunguko, suuza kwa maji yayo hayo. Maji ya bomba huacha chumvi, na chumvi ya hewani yatutosha. Zisimamishe wima, mbali na ukuta unaotoa unyevu na juu kidogo kwa ajili ya mchwa. Bahasha ya ndani yenye ukungu itupe, kava tu ndilo la kuhifadhi. Na usiziache ndani ya gari lililofungwa mchana wa kaskazi.

Ukikuta kwa bibi zile nzito za spidi 78, za enzi za Siti binti Saad aliyeanza kurekodi Bombay mwaka 1928, usiziguse kwa spiriti, itaziyeyusha. Zinataka sindano nene, mara kadhaa ya hii yetu. Wala usizibebe kwenye tuktuk bila kuzifunga kanga katikati, moja moja.