Printa imepotea mtandaoni? Itafute kwa nmap

Binamu yangu ana steshenari yenye kompyuta sita, kamera nne na printa moja ya mtandao. Jumamosi umeme ulikatika, uliporudi printa haikuonekana tena. Kioo chake kilishakufa siku nyingi, kwa hiyo hata kusoma anwani yake ya IP haiwezekani. Kuipata kwa nmap, programu ya kuskani mtandao, kulichukua dakika mbili, ila kwanza nilipoteza saa tatu kwa ujuaji wangu.

Skani mtandao wako tu, au wa mtu aliyekuruhusu, na ruhusa iwe ya maandishi hata kama ni ujumbe wa WhatsApp. Tanzania tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na hutaki kuwa kituoni unamfafanulia askari tofauti ya kubisha hodi na kuingia.

Hatua ya 1. Kwenye Linux ya jamii ya Debian au Ubuntu: `sudo apt install nmap` (`sudo` huendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi). Zile programu za simu zenye matangazo na vipicha vya rangi mimi sizitumii. Hazikuambii zimejuaje.

Hatua ya 2. Andika `ip -4 addr`. Ukiona 192.168.1.23/24, basi mtandao wako ni 192.168.1.0/24, yaani anwani 256.

Hatua ya 3. Nani yuko hewani?

`sudo nmap -sn 192.168.1.0/24`

Hiyo `-sn` inaiambia nmap ihesabu walioitika tu, isikague poti, yaani milango ya huduma za kila mashine. Hapa ndipo saa tatu zangu zilipoishia. Majibu yalikuja: mashine 256 ziko hewani. Duka la kompyuta sita! Nikaishuku ruta, nikaizima na kuiwasha mara mbili, binamu akaanza kunitazama vibaya.

Kumbe nilikuwa naskani kutoka Kali (aina ya Linux) iliyo ndani ya VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta, kadi yake ya mtandao ikiwa kwenye NAT. Hapo VirtualBox inakaa katikati na kujibu kwa niaba ya kila anwani, hata isiyo na mtu. Dalili nilikuwa nazo mbele ya macho: anwani yangu ilikuwa 10.0.2.15, na majibu hayakuwa na hata mstari mmoja wa `MAC Address`, anwani ya kadi ya mtandao ya kifaa. Badili kadi iwe Bridged Adapter, inayoiunganisha moja kwa moja na mtandao wa duka, au fanya kama mimi siku hizi: skani kutoka kwenye laptopu yenyewe, kwa waya.

Nasisitiza waya kwa sababu Wi-Fi ya wageni mara nyingi huwa imewekwa ili vifaa visionane. Utaiona ruta peke yake na kudhani wengine wamezimwa.

Na usiiache `sudo`. Bila hiyo, nmap inajaribu kuunganisha poti 80 na 443 tu, na kompyuta ya Windows yenye ukuta wa moto ikinyamaza inahesabiwa haipo. Ukiwa na `sudo` kwenye mtandao uleule wa ndani, nmap inauliza kwa ARP, swali la "nani ana anwani hii?", na hilo hata kifaa kinachopuuza ping hulijibu, la sivyo kisingeweza kuwasiliana na jirani yeyote. Kwetu bila `sudo` vilionekana vifaa 5, na `sudo` vikawa 14.

Ukikuta MAC ambayo herufi yake ya pili ni 2, 6, A au E, usikimbilie kusema ni mwizi. Mara nyingi ni simu inayojitungia anwani.

Hatua ya 4. Kinatoa huduma gani?

`sudo nmap -sV -p 22,80,445,515,554,631,9100 192.168.1.0/24`

`-sV` huuliza ni huduma gani na toleo lipi, `-p` hutaja poti za kukagua. Printa husikiliza 9100, 631 au 515. Kamera ni 554, mafaili ya Windows ni 445. `open` maana yake kuna programu inasikiliza, `closed` mashine ipo ila hapo hakuna kitu, `filtered` kuna kinachozuia. Printa yetu ilijitokeza kwenye anwani inayoishia .57, wakati kompyuta zote zilikuwa zinaitafuta .20.

Usiongeze `--allports`. Nmap huiruka 9100 kwa makusudi inapochunguza matoleo, maana printa nyingi huchapa chochote kinachoingia hapo. Utamalizia karatasi za mwenye duka kwa maandishi ya ajabu.

Hatua ya 5. Ingia kwenye ruta, kwenye DHCP (sehemu inayogawa anwani za IP), uifungie MAC ya printa anwani moja ya kudumu. Kisha rudia hatua ya 3 ukiongeza `-oN duka.txt`, inayohifadhi majibu kwenye faili, na faili hilo mwachie mwenye duka.