Kabla Hujasimamisha Mnara: Kuchagua Mahali pa Shamba la Upepo Lamu na Malindi

Ukisimama ufukweni Shela mwezi wa Julai, upepo wa kusi ukikurushia mchanga usoni, utaapa kwamba Lamu nzima inafaa kuvuna umeme wa upepo. Rudi wakati wa tanga mbili, kusi na kaskazi zikipishana, uone moshi wa jiko ukipanda wima. Usichague eneo kwa upepo wa ziara moja.

Pima kwanza, na miezi isipungue 12, ili misimu yote iingie kwenye hesabu. Takwimu za hali ya hewa za Malindi na Lamu zitakusaidia kulinganisha mwaka wako na miaka ya nyuma, lakini upepo wa vituo hivyo hupimwa mita 10 kutoka ardhini, nawe kitovu cha mapanga ya mtambo wako kitakuwa mita 80 au zaidi. Pengo hilo usilikisie. Chukua upepo wa mita 4 kwa sekunde kule chini. Ukihesabu kama uwanda mtupu, juu utapata kama mita 5.4, ukihesabu kama ardhi ya vichaka na miti, utapata 6.7. Tofauti inaonekana ndogo, ila nguvu ya upepo hufuata kipeo cha tatu cha kasi yake, kwa hiyo kisio la pili linakuahidi nguvu karibu maradufu ya lile la kwanza. Na ni upepo uleule.

Mnara wa kupimia uwe na vipima upepo kwenye vimo vitatu, tuseme mita 40, 60 na 80. Kila kimo weka viwili, juu ya vyuma virefu vinavyochomoza pande tofauti za mnara. Wengi hubana matumizi hapa wakaweka kimoja. Mnara wenyewe hukinga upepo, na huku kwetu upepo hugeuka karibu kinyume kabisa kati ya kusi na kaskazi, kwa hiyo kipima kilicho peke yake kitajikuta mafichoni msimu mmoja, kikuandikie upepo mdogo kuliko uliopo. Kagua kila mwezi: chumvi ikiingia kwenye beringi, kipima huwa kizito na namba hushuka polepole bila mtu kushtuka.

Miti na nyumba zisikupite. Kizuizi huvuruga upepo hadi kama mara 20 ya kimo chake, kwa hiyo shamba la minazi ya mita 20 linakuharibia hadi mita 400 upande upepo unakoelekea. Mitambo nayo huibiana upepo: yenye mapanga ya kipenyo cha mita 80 huachana mita 400 hadi 700 kwa mwelekeo wa upepo, na 250 hadi 400 ubavuni. Pwani tuna nafuu kidogo, kwa kuwa pepo kuu mbili zinakaribia kuwa mstari mmoja. Safu zikikingama mstari huo, zinafaa misimu yote miwili. Kumbuka tu kwamba mtambo wa mbele wakati wa kusi ndio wa nyuma wakati wa kaskazi.

Udongo: chimba sampuli penye kila mtambo, si moja kwa eneo zima. Msingi mmoja huweza kumeza mita za ujazo 300 hadi 500 za zege, na mwamba wa matumbawe una mapango usiyoyaona. Ukikaribia bonde la Tana, uliza maji ya mafuriko yalifika wapi.

Laini ya umeme: ile ya kilovolti 220 inatoka Rabai, inapita Malindi na Garsen hadi Lamu. Kuwa karibu nayo ni nusu tu ya jambo. Uliza inaweza kupokea megawati ngapi zaidi. Mitambo 365 ya Ziwa Turkana, megawati 310, ilikuwa imesimama tayari mwaka 2017, ikakaa bila kutoa umeme hadi Septemba 2018 kwa kuwa laini ya zaidi ya kilomita 400 haikuwa imekamilika. Mkandarasi alifilisika, na fidia za njia ya laini zikasuasua.

Sasa ardhi. Hapa ndipo miradi hufia, si kwenye upepo. Kinangop palikuwa na upepo, fedha na mpango wa megawati 60, lakini wenyeji walikataa kwa sababu ya ardhi na fidia, kazi ikasimama, na mwaka 2016 mradi ukafutwa. Ziwa Turkana mitambo ilikuwa tayari inazunguka pale Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru, mwaka 2021, iliposema hati za ardhi hazikupatikana kwa kufuata sheria.

Lamu mambo ni mazito zaidi. Ekari moja huweza kuwa na wenyewe watatu: aliye na barua ya ugawaji kabatini, aliyepanda mikorosho na kuivuna miaka yote, na mfugaji anayepitisha ng'ombe hapo kiangazi kwenda majini. Ukilipa wa kwanza peke yake, wale wawili utakutana nao siku tingatinga linapofika. Upekuzi wa masjala ya ardhi hautakuonyesha mkorosho wala njia ya ng'ombe. Kwa hiyo tembea mpaka wote kwa miguu, pamoja na majirani, bikoni hadi bikoni. Miti ihesabiwe mbele ya mwenyewe, iandikwe, naye abaki na nakala. Kama ni ardhi ya jamii, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka mkataba na mwekezaji upitishwe na thuluthi mbili ya mkutano wa jamii. Saini za wazee wanne chini ya mwembe hazitoshi. Baraza usiliite Ijumaa adhuhuri. Na usimwachie dalali kazi hii, hata akiwa mwenyeji, maana yeye hulipwa mkataba ukisainiwa na wewe ndiye utakayekaa na majirani hao miaka 20 na zaidi.

Mengine yapitie upesi, ila usiyaruke. Kibali cha urefu kutoka mamlaka ya usafiri wa anga, hasa karibu na viwanja vya Malindi na Manda. Ngomeni pana kituo cha anga cha Waitaliano, na mapanga makubwa huvuruga mawimbi ya redio. Ndege wahamao hutua hori ya Mida na mdomo wa mto Sabaki, kwa hiyo wahesabu mwaka mzima, si wiki moja. Sisi tuko karibu na ikweta, basi kivuli kinachopepesa cha mapanga huangukia nyumba za magharibi asubuhi na za mashariki jioni. Hizo ndizo za kukaa mbali nazo kwanza. Rangi ya minara iwe ya kustahimili chumvi. Mji wa kale wa Lamu ni urithi wa dunia tangu 2001, na mnara unaoonekana kutoka baharini utazua barua nyingi za malalamiko. Vilima vya mchanga vya Shela navyo viache kabisa, upepo wake uwe mzuri namna gani, kwani ndivyo vinavyohifadhi maji matamu ya mji.